Nyumba Moja, Sheria Tatu

Ukishuka kituo cha Picha ya Ndege, ukaiacha Barabara ya Morogoro na kuingia ndani kwenye viwanja, utakuta nchi nzima imejenga ujirani. Huyu ni Mzaramo aliyezaliwa palepale enzi mikorosho ilipokuwa mingi kuliko nyumba, yule ni Mhaya mwalimu mstaafu, anayefuata ni Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeoa kwa Wakwere, na nyuma yao yuko mama wa Kingoni anayejenga chumba baada ya chumba kwa fedha za kikoba. Wengi wamehamia Kibaha kutoka Dar es Salaam wakifuata kiwanja cha bei wanayoimudu. Walinunua kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Jina la mnunuzi kwenye karatasi hiyo ni moja, mara nyingi la baba, hata kama tofali na mabati yalilipiwa na wawili.

Karatasi hiyohiyo ndiyo itakayotafutwa siku baba akifariki. Itatolewa kwenye sanduku au kwenye bahasha ya kaki, na wakubwa wa ukoo waliokuja msibani wataisoma mbele ya mjane. Hapo litaibuka swali ambalo familia nyingi hazijawahi kulisikia mpaka siku hiyo: mali hii inagawanywa kwa sheria ipi?

Nataka ulijibu swali hilo wewe mwenyewe, mapema, kwa mkono wako. Na nataka uende mbele zaidi, maana watu wengi wakisikia habari za kujipanga huwaza kifo tu. Familia nyingi huanza kuvurugika kabla ya kifo, katika zile wiki au miaka ambayo mwenye mali yu hai lakini hawezi tena kusema. Wosia hausaidii kitu katika kipindi hicho. Kina nyaraka zake, nitazifikia.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Mume na mke wana nyumba moja Picha ya Ndege na watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Wazazi wa mume walishatangulia. Mume anafariki bila kuandika neno. Mahakama ikisema mirathi yake inafuata sheria ya serikali, itafungua Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na Waingereza na ambayo bado inatumika Tanzania Bara. Humo mjane anapata theluthi moja, na watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa, wa kike kama wa kiume. Ikisema inafuata sheria ya Kiislamu, mjane anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki wanagawana watoto, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ikisema inafuata mila, zitafunguliwa kanuni zilizomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, na humo mjane hana fungu la urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kanuni hizo zinasema atatunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao.

Nyumba ni ileile, na mama ni yuleyule aliyekuwa akimwagilia tofali kila jioni. Kinachotofautiana ni kitabu atakachofungua hakimu. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania waliokuwa wameondolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni hizi, na ikaitaka serikali izibadili. Lakini mjane hawezi kukaa barazani akingoja Bunge. Isitoshe, kanuni zile ziliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, wakati Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa Kibaha na Kisarawe, asili yao ni ukoo wa mama. Kwa hiyo hata neno "mila" lenyewe, ukilitamka katika mtaa wenye makabila yote haya, halikupi jibu. Mila ya nani?

Mahakama haichagui kwa kubahatisha. Sheria inayoielekeza, Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania, inaitaka iangalie nia ya marehemu: matamko yake ya maandishi au ya mdomo, matendo yake, na namna alivyoishi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipata mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyekuwa ameishi mbali na kwao na kuoa mwanamke wa Kichaga. Mahakama iliridhika kwamba alikuwa ameshajitenga na mila za ukoo wake, ikaamua kwamba mirathi isiende kimila. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini fikiria njia iliyofikisha hapo. Katika kesi kama hiyo ndugu na jamaa hulazimika kusimama mbele ya jaji na kumweleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alikwenda kwao mara ngapi, aliwalea vipi watoto wake. Maneno machache ya mkono wake mwenyewe yangewapunguzia mzigo huo.

Ndiyo maana nashauri sentensi ya kwanza ya wosia wako, baada ya jina na tarehe, iwe tamko la sheria. Kwa mfano: "Mimi ni Mkristo, nilifunga ndoa kanisani, ninaishi Kibaha na familia yangu, na ninataka mirathi yangu isimamiwe kwa sheria ya serikali, si kwa mila za ukoo." Au: "Mimi ni Mwislamu na ninataka mirathi yangu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu." Mwislamu naye aandike, asidhani jina lake linatosha. Yako makoo ambayo mtu anaswali maisha yake yote, na siku ya kugawa mali wanakuja baba wakubwa na mila za kijijini. Tamko hili lazima lifanane na maisha yako. Aliyeoa wake wawili kimila, akaishi kimila, hawezi kujiandikia usiku mmoja kwamba mila hazimhusu na kutegemea jaji akubali bila kuuliza.

Sentensi ya pili iseme kipi ni chako na kipi si chako. Hapa pana tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu huwezi kurithisha jasho la mwenzako. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, na mke aliyeachwa anaweza kwenda kudai akiwa amesimama mbele ya mume aliye hai. Mjane anabishana na marehemu, na marehemu hajibu. Basi mjibie mapema. Andika: "Nyumba hii tulijenga mimi na mke wangu, nusu ni yake, ninachorithisha ni nusu yangu."

Bora zaidi, usingoje wosia. Rudini serikali ya mtaa mlikonunulia, karatasi iandikwe majina mawili, na mnapoingia kwenye urasimishaji au kuomba hati miliki, majina yaende yote mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja kwa namna ambayo mmoja akifariki, umiliki unabaki kwa aliye hai bila kupita kwenye mgawo wa warithi. Inaruhusu pia kila mmoja awe na sehemu yake inayojulikana, na sehemu hiyo ndiyo itakayokwenda kwa warithi wake. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri hati yenu itaandikwa kwa namna ipi kati ya hizo mbili, na chagueni mkiwa mmekaa wote wawili. Familia yenye watoto wa ndoa ya kwanza ifikirie sana kabla ya kuchagua namna ya kwanza, maana watoto hao wanaweza kujikuta nje kabisa.

Kisha uje kwenye mashamba. Watu wengi wa Picha ya Ndege wana nyumba hapa na shamba Kisarawe au ndani zaidi Kibaha vijijini: minazi kadhaa, mikorosho, miembe, muhogo. Nyumba ina jirani na ukuta. Shamba lina mpaka anaoujua baba peke yake, kutoka kwenye mwembe ule mpaka kwenye kile kichuguu. Baba akifariki, kichuguu kinasogea. Na ardhi ya ukanda huu haiko tena kwenye bei ya zamani. Reli ya kisasa imepita Soga na Ruvu, bandari kavu iko Kwala, na mtu ambaye zamani asingegombea ekari mbili za muhogo leo anazigombea kwa panga.

Chagua Jumamosi, mchukue mkeo au mumeo na watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, mtembee mpaka mzima kwa miguu. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na waiteni majirani wa pande zote nne. Andikeni majina ya majirani hao, miti iliyo mpakani, mwaka mliponunua na kwa nani, kila mmoja aweke sahihi au dole gumba. Pandeni alama pale zinapokosekana. Karatasi ya siku hiyo ibanwe pamoja na wosia. Hakuna wakili anayeweza kuifanya kazi hii kwa niaba yako, na nadhani ndiyo sehemu ya wosia inayookoa familia nyingi zaidi katika eneo hili.

Sasa tuje kwenye kuandika wenyewe. Wosia wa sheria ya serikali uwe wa maandishi, na utie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili ambao nao watatia sahihi mbele yako. Shahidi asiwe mtu unayemrithisha, wala mume au mke wa unayemrithisha, kwani fungu hilo linaweza kupotea. Kwa wosia wa kimila, kanuni za 1963 zinataka mashahidi wawili kama unajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kama hujui kusoma na kuandika, mashahidi ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo pia unataka wanne kwa mpangilio huohuo, na juu ya hao awepo mke au wake waliopo nyumbani. Unaona busara iliyomo: ukoo hauwezi kuficha peke yake, na wa nje hawawezi kuzua peke yao. Hata ukiandika kwa sheria ya serikali, ninakushauri uiazime busara hiyo. Mashahidi wakiwa mzee mmoja wa ukoo anayeheshimika na jirani mmoja asiye na maslahi, nani atasema karatasi imeghushiwa?

Andika ungali mzima. Reginald Mengi, mfanyabiashara aliyejulikana nchi nzima, alifariki Dubai Mei 2019, na wosia uliopelekwa mahakamani ulikuwa na tarehe ya Agosti 2017. Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliutangua. Miongoni mwa yaliyozingatiwa ni hali yake ya afya wakati wosia unaandikwa, na watoto walioachwa nje bila kuelezwa sababu. Kama mtu mwenye uwezo wa kumlipa wakili yeyote nchini wosia wake umetanguka, jifunze mawili hapo. La kwanza, usingoje ugonjwa ndipo uite kalamu, na ikiwa umeshaanza kuugua, mwombe daktari anayekutibu akuandikie siku hiyohiyo kwamba akili yako iko timamu.

La pili ni kumnyima mrithi. Watu hupenda sana kutishia, "Wewe nitakutoa kwenye urithi!" Kwa mila haiendi hivyo. Zinahitajika sababu nzito, kama vile mtoto kujaribu kukuua au kukutelekeza katika ugonjwa au njaa, sababu ziandikwe, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Kwa Mwislamu, mafungu ya warithi yameshapangwa. Wosia wake unaishia kwenye theluthi moja ya mali, nao ni kwa asiye mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Theluthi hiyo si ndogo kwa anayeijua kazi yake. Ndiyo inayoweza kumfikia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mjukuu aliyefiwa na baba yake, mtoto wa kulea, au dada aliyekuuguza. Ukitaka kumpa mkeo zaidi ya thumni, mpe hiba ukiwa hai: mkabidhi kweli, mbele ya mashahidi, na karatasi ibadilishwe jina. Na mtoto mdogo, awe wa ndani au wa nje, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima manufaa ya kuridhisha kutoka katika mali ya mzazi wake. Mwandike. Siri unayomwachia mkeo aigundue msibani, mtoto akiwa amesimama mlangoni na shangazi yake, ni ukatili kwa wote wawili.

Taja pia msimamizi. Msimamizi wa mirathi hajapewa mali, amepewa kazi. Katika mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V na hesabu ya mgawo kwa Fomu Na. VI. Warithi wengi hawajui hivyo, ndiyo maana unasikia msimamizi amekaa na nyumba miaka kumi akikusanya kodi. Chagua wawili badala ya mmoja, mwanamke akiwemo, waulize kwanza kama wanakubali, na waandikie humohumo kwamba hawana ruhusa ya kuuza nyumba anamoishi mjane bila ridhaa yake.

Fomu ulizojaza mahali pengine zipitie upya: benki, NSSF au PSSSF, SACCOS, kikoba, kazini. Utashangaa ni wangapi wameoa na kuzaa huku fomu ya kazini bado inamtaja kaka mkubwa. Wala usidhani jina ulilojaza kwenye fomu linachukua nafasi ya wosia.

Nirudi kwenye kile kipindi cha katikati, mtu yu hai na hawezi. Mama mstaafu anaumwa miguu, hawezi kwenda Dar es Salaam kufuatilia pensheni wala kusimamia wapangaji. Anampa mwanawe hati ya uwakili. Anayepewa si lazima awe mwanasheria. Ni mtu yeyote mzima unayemwamini, na hati inamruhusu kufanya kwa jina lako yale tu uliyoyaandika. Siri yote iko kwenye neno "tu". Usisaini ile hati ya kuokota inayosema "afanye chochote kuhusu mali zangu zote". Andika: akusanye kodi ya nyumba fulani, afuatilie pensheni, asaini maombi ya hati miliki ya kiwanja fulani. Kama hutaki auze wala aweke rehani, andika kwamba haruhusiwi. Weka tarehe ya mwisho. Isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ilipiwe ushuru wa stempu, na ikihusu ardhi yenye hati miliki isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mwanao aliye Muscat au Minnesota aliyenunua kiwanja Kibaha naye akutumie hati ya namna hiyo, badala ya kukupigia simu tu na kusema, "Baba, nisimamie."

Lakini liko jambo moja ambalo watu hawaambiwi. Kwa sheria yetu ya mikataba, uwakili huo unakufa pamoja na aliyeutoa, na unakufa vilevile akipoteza akili. Uingereza wanayo, chini ya Sheria yao ya mwaka 2005, hati maalumu inayoendelea kufanya kazi hata mwenyewe akishapata ugonjwa wa kusahau. Watoto walioko huko hutuma habari hizo kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na watu wa nyumbani wanaamini hati ya hapa ni sawa na ile. Si sawa. Mama akipata kiharusi kilichomwondolea fahamu, mwenye hati ya hapa anapaswa kusimama, na familia iende mahakamani kuomba mtu wa kusimamia mali yake. Anayeendelea kusaini anajiweka kwenye hatari, hata kama kila senti anainunulia dawa.

Kwa sababu hiyo, jipange ukijua hati ina ukomo. Fungueni akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja anaweza kutoa fedha za matibabu. Yale ya jina, yaani kuongeza jina la mwenzi kwenye kiwanja, yafanyike sasa. Tengeneza daftari la madeni, unayodai na unayodaiwa, ukilisaini kila ukurasa. Na kuhusu simu: watoto wengi wanajua namba ya siri ya baba, na siku anapofariki mmoja wao anatoa salio lote kabla mwili haujafika nyumbani. Hata kama ni kwa ajili ya sanda na mchele, fedha hiyo tayari ni mirathi, na ndiyo huwa mwanzo wa "mmekula hela za baba". Weka kando fedha za dharura kwa jina la mtu aliye hai.

Matibabu ndiyo sehemu tunayoiogopa zaidi, na Picha ya Ndege ina sababu ya kutoikwepa. Mtaa uko kando ya barabara kuu, na Hospitali ya Tumbi imezoea kupokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro saa zote. Akifikishwa hapo mtu asiye na fahamu, daktari atauliza mambo yake, na wa kujibu ni ndugu atakayewahi kufika.

Tanzania haina sheria mahususi inayolazimisha daktari kufuata maelekezo uliyoandika kabla ya kuugua. Watu wengine watakuambia basi haina maana kuandika. Mimi nasema ndiyo sababu ya kuandika na kuzungumza vilevile. Daktari anayepewa karatasi yenye sahihi yako na mashahidi, mikononi mwa mtu uliyemtaja wewe, ana kitu cha kushika kuliko anayesikiliza ndugu watano wanaobishana kwenye korido. Mashahidi wa Yehova wamefanya hivi miaka mingi: wanatembea na kadi iliyosainiwa inayosema hawapokei damu na inayomtaja mtu wa kuwasiliana naye. Huhitaji kukubaliana na imani yao ili uone kwamba mtu aliyelala bila fahamu bado amesema.

Karatasi yako iwe fupi. Nani atasema kwa niaba yako, na wa pili kama wa kwanza hapatikani. Magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia, zinazokudhuru, namba ya bima. Kisha yale magumu. Kama madaktari wameshasema ugonjwa hauponi, unataka kuhamishwa hospitali mpaka hospitali, au unataka kurudishwa nyumbani? Ukiwa kwenye mashine ya kupumulia na hakuna matumaini, familia ifanye nini? Ng'ombe na kiwanja viuzwe mpaka lini? Hili la mwisho watoto hawawezi kulijibu wenyewe, kwa sababu anayesema "inatosha" anaonekana amemkatia tamaa mzazi. Ukiwaambia wewe, umewatua. Ongea na padri, mchungaji au shehe wako kabla ya kuandika. Na kwa vyovyote usiandike "msinisumbue na dawa" ukidhani ndiyo ushujaa. Kuacha tiba isiyosaidia hakuna maana ya kuachwa na maumivu. Iko tiba shufaa, inayotuliza maumivu na kumsindikiza mgonjwa pamoja na familia yake. Taasisi ya Saratani Ocean Road imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na dawa ya morfini ya kunywa ni sehemu yake. Andika wazi: "Nataka nitulizwe maumivu, hata kama tiba nyingine imesimama."

Mahali pa kuzikwa pasiwe ndani ya wosia peke yake, maana wosia hufunguliwa baada ya mazishi. Mtaa wetu una watu wa Bukoba, Moshi, Mbeya na Songea, na kila msiba unaanza na swali kama mwili unasafirishwa. Kenya walilijua hili kwa uchungu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka azikwe karibu na nyumbani kwao Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Wosia wa maandishi haukuwepo. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kufariki. Andika karatasi ya pembeni, isaini, mpe mwenzi wako nakala moja, na nyingine mpe yule ndugu unayejua atabisha zaidi. Mpe mkononi, umwambie: "Kaka, nimeamua hivi, na ninakuomba unisimamie." Akishakubali ukiwa hai, atakuwa mlinzi wa neno lako. Akikataa, una muda wa kumwelewesha.

Kwa msaada, nenda RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaoandika na kuhifadhi wosia. Ulizia pia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi fedha. Nakala halisi ikihifadhiwa, omba stakabadhi, na stakabadhi ndiyo ukae nayo nyumbani. Usiuweke wosia pekee ndani ya kabati ambalo ufunguo wake anao mrithi mmoja. Waambie wasimamizi wote wawili wosia uko wapi. Si lazima uwasomee yaliyomo, ingawa mimi ningewasomea.

Kila ukinunua kiwanja, ukizaa, ukioa au ukiacha, ufungue upya wosia wako. Chini ya ile sheria ya 1865, ndoa mpya inafuta wosia wa zamani, kwa hiyo mjane au mgane anayeolewa au kuoa tena aandike mwingine mwezi huohuo. Marekebisho yafanywe kwa maandishi na mashahidi kama mwanzo. Usikatekate kwa kalamu juu ya ule wa zamani. Na ule wa zamani, ukishasaini mpya mbele ya mashahidi, uchane mbele yao.